Rimasta zihesabiwe au la? Naandika gemu 20 bora za PS4 kwenye ubao wa kibanda

#1 KibandaKatindo (Goma)
Salamu wakubwa. Nina kibanda cha PlayStation hapa Katindo: PS4 tatu, na PS2 moja ya wadogo. Wiki iliyopita nilinunua kipande cha tripleksi, ubao mwembamba wa mbao zilizogandishwa, nikakipaka rangi nyeupe. Nataka niandike juu yake gemu 20 bora za PS4, ili anayeingia ajue pa kuanzia badala ya kuomba mpira kila siku. Nikaanza kwa karatasi. Namba 3 tu, tukakwama.

Namba 3 niliweka The Last of Us Remastered. Mteja wangu wa kila Jumamosi akaniambia hiyo si gemu ya PS4, ni rimasta, yaani gemu ya PS3 iliyobadilishiwa nguo. Nilitaka kubishana, nikashindwa, maana ni kweli: ya PS3 ilitoka Juni 2013, hii ikafuata Julai 2014. Nikarudi kwenye karatasi na kalamu nyekundu. Kati ya 20, saba zilizaliwa kwingine: hiyo yenyewe, GTA V, Uncharted: The Nathan Drake Collection, God of War III Remastered, Shadow of the Colossus, Crash Bandicoot N. Sane Trilogy, na Skyrim Special Edition.

Nikizitoa zote, orodha inapoteza gemu zinazochezwa zaidi hapa kwangu. Nikiziacha, naona nawadhulumu waliojenga Bloodborne, Horizon Zero Dawn na God of War ya 2018, gemu zilizofikiriwa kwa mashine hii tangu siku ya kwanza. Ninyi mnapima vipi?

#2 Tatu_Bila (Goma, Birere)
Toa zote saba. Ubao umeandikwa PS4, basi uwe wa watoto wa PS4. Mtoto wa jirani akija kula kwako, umpe chakula, umpe na maji, lakini jioni anarudi kwao.

#3 Yaya Nyota (Lubumbashi)
Kaka Tatu_Bila, huyo mtoto amekula kwako miaka kumi, amesomea kwako, na jirani mwenyewe ameshahama. Bado ni mgeni?

Mimi sikugusa PS3 hata siku moja. Hapa Kamalondo nyumba ninazozijua zilitoka PS2 zikaruka moja kwa moja hadi PS4, kwa sababu PS3 ilipokuwa mpya ilikuwa ghali, na bei iliposhuka PS4 ilikuwa imeshaingia. Joel na Ellie wa The Last of Us niliwajua kwenye PS4. Ukiwatoa ubaoni, unaniambia kwamba nilichokiona hakikutokea kwenye mashine niliyokuwa nimeishika mkononi.

#4 Mwalimu_Ndosho (Goma)
Tukitumia neno moja kwa vitu vitatu tutagombana hadi usiku. Kuna gemu iliyohamishwa tu: ni ileile, mashine ndiyo nyingine. Kuna rimasta: mifupa ileile, picha imesafishwa, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zimeongezwa. The Last of Us iko hapo, ilitoka ukali wa picha wa 720p na fremu 30 kwa sekunde ikaenda 1080p na 60. Halafu kuna rimeki: wamebomoa kuta wakajenga upya juu ya msingi wa zamani. Crash ya 2017 iko hapo, Vicarious Visions walizijenga upya gemu tatu za PS1.

Msimamo wangu: rimeki inahesabiwa kwa konsoli (mashine ya gemu) mpya, rimasta inabaki kwa konsoli iliyoizaa. Kwa hiyo mwenye kibanda, unatoa tano au sita, si saba.

#5 Nguba88 (Bukavu)
Mwalimu, "tano au sita" hiyo ndiyo shida yenyewe. Hiyo ya kati ni Shadow of the Colossus, sivyo?

PS2 mwaka 2005. PS3 mwaka 2011, diski moja pamoja na gemu nyingine, Ico. PS4 mwaka 2018. Bluepoint Games walifanya ya PS3 na ya PS4. Hii ya 2018 kila jiwe na kila unyoya wa zimwi umechorwa upya. Lakini ukimpanda zimwi anakutikisa vilevile, na farasi Agro anakukaidi vilevile kama zamani. Ni ukuta mpya au rangi mpya?

Mimi nimecheza ya PS2 na ya PS4. Kwenye PS2, zimwi kubwa likigeuka picha ilikuwa inakwamakwama hadi unahisi mashine inaumwa. Kwenye PS4 linageuka kama kitu chenye uzito na pumzi. Sasa nani apewe nafasi ubaoni, aliyelifikiria zimwi au aliyelipa miguu ya kutembea?

#6 Tatu_Bila
Aliyelifikiria. Lakini GTA V ibaki, ile ilitoka pamoja na PS4 mwaka 2013, niliona mwenyewe.

#7 Mwalimu_Ndosho
Hapana ndugu yangu. GTA V ilitoka 17 Septemba 2013 kwa PS3 na Xbox 360. PS4 yenyewe ilikuwa haijaingia sokoni, iliingia Novemba. GTA V ya PS4 ni 18 Novemba 2014.

#8 Tatu_Bila
Asante Mwalimu, nimekosea. Basi nayo itoke. Sheria ni sheria.

#9 Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)
Bakubwa, GTA V munaitosha namna gani? Kwetu Katuba batu banachezaka ile kuliko zote. Na ya PS4 haiko sawa na ya PS3. Baliongeza kuangalia na macho ya mutu mwenyewe: unaingia mu motokari, unaona usukani na mikono yako. Mi nilicheza ya PS3 kwa yaya wangu, kisha ya PS4, njo nikaona kama muji mupya. Nyasi mingi, motokari mingi mu barabara. Muhesabu ile.

#10 Fundi_Leza (Bukavu, Kadutu)
Natengeneza konsoli, niseme kutoka upande wa ndani.

PS3 ina chipu inaitwa Cell, iliyotengenezwa na Sony, Toshiba na IBM. Ni chipu ya ajabu: ubongo mmoja mkuu na visaidizi vingi pembeni, kila kimoja kinataka kugawiwa kazi yake. Waliojua kuigawa walitoa The Last of Us. Wasiojua walitoa gemu zinazokwama. PS4 ina chipu ya AMD, ya ukoo wa kompyuta ya kawaida. Ndiyo maana PS4 haisomi diski ya PS3 hata ungeibembeleza. Hakuna cha kunakili na kubandika. Aliyeipeleka The Last of Us kwenye PS4 ilibidi achukue kazi iliyokuwa imegawiwa visaidizi vile na kuipanga upya yote.

Kwa hiyo mimi kuhamisha gemu nakuita kazi ya ufundi, na ufundi una alama zake. Nauliza vitu vitatu. Kwanza, gemu inakwenda vizuri kuliko pale ilipotoka? Skyrim ya PS3 ilikuwa na ugonjwa unaojulikana: kadiri faili la hifadhi lilivyokuwa kubwa, ndivyo gemu ilivyozidi kuwa nzito, hadi wengine wakaacha katikati. Kwa aliyekwama hivyo kwenye PS3, Special Edition ya 2016 ndiyo mara ya kwanza aliweza kuimaliza. Pili, imepoteza kitu njiani? Uncharted ya Nathan Drake Collection haina kucheza wengi mtandaoni, wakati Uncharted 2 na 3 za PS3 zilikuwa nako. Hapo unakata alama. Tatu, kuna njia nyingine ya kuicheza kwenye mashine hii? Kama hakuna, basi aliyeleta rimasta amefungua mlango uliokuwa umefungwa.

Kwa kipimo hicho The Last of Us inapita vizuri, God of War III inapita, Uncharted inapita kwa kuchechemea.

#11 Tatu_Bila
Fundi, hapo umepima kazi ya fundi, hujapima maktaba ya konsoli. Moto anaouzima zimamoto si wake.

#12 Kivu_Usiku (Goma)
Naomba nitoe kisa, maana naona wote mnasema "ya asili" kama vile tunajua ya asili ni ipi.

Nilikua na Tekken 3 ya PS1, gemu ya ngumi, diski iliyotoka Ulaya. Kila jioni, mimi na kaka zangu, maneti (vishikio vya kuchezea) mbili, moja yake kitufe cha mraba kilikuwa kimezama ndani tukakiinua kwa kipande cha kartoni. Nilimjua Eddy Gordo, mmoja wa wapiganaji wake, kama ninavyojua njia ya kwetu. Mguu wake ukianza kuzunguka, nilijua nina muda gani wa kuinama.

Miaka mingi baadaye nikaweka emuleta, programu inayoiga konsoli ya zamani, kwenye simu, nikapata toleo la Marekani. Pambano la kwanza Eddy alinipiga nikiwa bado nainama. Nilifikiri simu ina kasoro. Nikatafuta mipangilio ya kupunguza mwendo, nikapunguza, na ghafla nikawa nyumbani tena, mikono ikakumbuka kila kitu.

Simu haikuwa na kasoro. Diski za Ulaya zilitengenezwa kwa tele za hezi 50, za Japani na Marekani kwa hezi 60, na gemu nyingi hazikurekebishwa zilipovuka. Mwendo unapungua karibu asilimia 17. Tekken 3 niliyoipenda, niliyokuwa tayari kuapa kwamba ndiyo halisi, ilikuwa nakala iliyopunguzwa mwendo. Mwaka 2018 Sony walipotoa PlayStation Classic yenye gemu 20, tisa kati yake zilikuwa matoleo ya hezi 50, Tekken 3 ikiwemo, na watu wa Marekani walilalamika sana. Mimi nilizisoma zile lawama nikaumia, kwa sababu walichokuwa wanakiita kibovu ndicho utoto wangu.

Sasa mkiniambia rimasta si halisi, nauliza: mimi nilicheza nini?

#13 Nguba88
Kivu_Usiku, hii imenigusa. Sisi Bukavu tulikuwa na zilezile za Ulaya, sikuwahi kufikiria.

#14 Mwalimu_Ndosho
Na niongeze kuni. Tekken 3 yenyewe si mtoto wa PS1. Ilitoka 1997 kwenye mashine za sarafu, zile kubwa za kusimama, PS1 ikaipata 1998. Ilipoingia nyumbani picha zilipunguzwa kidogo, lakini wakaongeza Tekken Force na Tekken Ball, ambavyo mashine ya sarafu haikuwa navyo. Hakuna orodha ya PS1 niliyowahi kuona ambayo haina Tekken 3 juu. Hakuna aliyewahi kusema "itoeni, ni ya kuhamishwa."

Inanilazimu nirudi kwenye bandiko langu #4. Kwa sheria yangu mwenyewe Tekken 3 ingetoka kwenye PS1, na hilo siwezi kulitetea mbele ya mtu yeyote.

#15 Tatu_Bila
Tekken 3 ni tofauti. Mashine ya sarafu hukuwa nayo nyumbani. Imetoka barabarani ikaingia ndani, hiyo ni safari nyingine. Kutoka konsoli hadi konsoli ni kuhama chumba.

#16 Yaya Nyota
Kaka yangu, na PS3 mimi sikuwa nayo nyumbani. Kwangu ilikuwa barabarani vilevile.

#17 Tatu_Bila
Dada, hapo umenikamata shati. Niache nifikiri.

#18 Mwalimu_Ndosho
Lakini Yaya Nyota, na wewe kipimo chako kina tobo. Ukisema "nilichokicheza kwenye mashine hii ni cha mashine hii", basi PS5 inasoma diski za PS4. Bloodborne inaingia ndani ya PS5 na inacheza. Je, Bloodborne ni gemu ya PS5? Xbox One nayo ilisoma diski nyingi za 360. Kwa njia hiyo kila konsoli mpya inameza maktaba ya mama yake, na orodha haina kazi tena.

#19 Yaya Nyota
Mwalimu, tobo nimeliona. Ila kuna tofauti. PS5 kusoma diski ya PS4 ni kama nyumba mpya yenye mlango uleule, hakuna aliyefanya kazi juu ya gemu. The Last of Us Remastered kuna watu walikaa, kama Fundi alivyosema hapo #10, wakaifanyia kazi kwa ajili ya PS4, wakaiuza kwa jina lake na diski yake. Mahali palipofanyika kazi, hapo ndipo nahesabu.

#20 Mtoto wa Katuba
Na kama kazi ilifanyika mubaya? GTA ya zamani tatu, ile balitoa 2021. Ile iko mu PS4. San Andreas njo gemu nilipenda kuliko zote mu PS2. Mi nilingoja na moyo wote. Mvua ikanyesha mu gemu, sikuona njia!

#21 Fundi_Leza
Ndugu wa Katuba, hukuwa peke yako. Ilitoka 11 Novemba 2021, na mwezi uleule Rockstar, wenye GTA, waliomba radhi hadharani na kuahidi kurudisha matoleo ya zamani ya kompyuta kwenye duka lao la mtandaoni. Mvua ilichorwa kama nyuzi nyeupe mbele ya macho. Na ukungu waliutoa. Kwenye PS2 ukungu ulikuwa ni kuficha udhaifu wa mashine, lakini uliifanya San Andreas ionekane nchi nzima. Walipoutoa, ukipanda juu unauona mji wa pili kutoka wa kwanza, na safari yote ya kuvuka jangwa inakuwa hatua chache. Nyimbo kadhaa za redio nazo hazikurudi, haki zake zilikuwa zimeisha.

Silent Hill HD Collection ya 2012 ilipata ajali ya namna hiyohiyo, mbaya zaidi. Konami hawakuwa wamehifadhi msimbo wa mwisho wa gemu zile, wahamishaji wakapewa msimbo ambao haujakamilika. Ikabidi warekebishe makosa yaliyokuwa yamesharekebishwa zamani. Na hapo tena ukungu ndio ulioumia, gemu ambayo woga wake wote uko kwenye ukungu.

#22 Nguba88
Lakini hiyo trilojia ya GTA ilipata apdeti kubwa Novemba 2024, mwanga wa zamani umerudi na ukungu umerudi. Niliipakua, ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo mwenye kibanda akiandika ubao 2021 haipo, akiandika leo pengine ipo?

#23 Fundi_Leza
Inategemea mtu ana intaneti ya kuipakua. Mwenye diski tupu bila apdeti bado ana ile ya 2021. Diski moja, jina moja, gemu mbili.

#24 KibandaKatindo
Nasoma yote, asanteni sana. Kwangu apdeti nanunua megabaiti usiku zikiwa na bei nafuu. Nitajibu vizuri jioni, kuna jambo nataka kujaribu.

Fundi, swali la pembeni: PS4 moja inakataa diski, nyingine zinasoma. Ni lenzi?

#25 Fundi_Leza
Goma? Basi mara nyingi ni vumbi lenu. Lile vumbi jeusi la mawe ya volkano ni gumu, ni kama kioo kilichosagwa, linakaa juu ya jicho la leza. Zima, chomoa, fungua, pamba ya masikio yenye tone moja la alkoholi safi, zungusha taratibu, usikandamize. Usitumie marashi, nimeletewa tatu zilizooshwa kwa marashi.

#26 KibandaKatindo
Nimeelewa mkubwa. Hapa tunafagia asubuhi, mchana meza nyeusi tena.

#27 Tatu_Bila
Nimefikiri. Nawaletea mpira, maana huo ndio ninaoujua vizuri, na hapo mtaona ninachokiogopa.

PES 2014 ilitoka kwa PS2 mwishoni mwa 2013, mashine ikiwa na miaka 13. FIFA ya PS3 iliendelea hadi FIFA 19. Kwenye Switch, konsoli ya Nintendo, FIFA 20 hadi 23 ziliitwa Legacy Edition. Ukifungua ndani ni gemu ileile ya mwaka uliopita, jezi mpya, majina mapya, bei ya gemu mpya. Tulichanga pesa watu sita kununua mojawapo ya zile za mwisho za PS3. Dakika ya kumi mmoja wetu akasema, "Lakini goli hili nilishalifunga." Kweli, kona ileile, kichwa kilekile, kipa anaruka upande uleule.

Kwa hiyo ninaposema rimasta zitoke, siwachukii waliozifanya. Naogopa tukizipa nafasi ubaoni tunawaambia wenye kampuni kwamba kutuuzia kitu mara mbili ni sawa na kutengeneza kitu. GTA V imeuzwa kwa PS3, kwa PS4, na Machi 2022 kwa PS5. Vizazi vitatu. Mtoto aliyezaliwa ilipotoka alikuwa anasoma vizuri kabisa.

#28 Yaya Nyota
Sasa nakuelewa kaka. Hilo ni neno zito na ungelianza nalo.

#29 Kivu_Usiku
Ila kuna upande mwingine wa hiyo shilingi. Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari, ilitoka kwa Wii U, konsoli ya Nintendo kabla ya Switch, mwaka 2014. Wii U ilishindwa sokoni, ziliuzwa milioni 13 na nusu hivi dunia nzima. Aprili 2017 wakaihamishia Switch wakaiita Deluxe, wakatengeneza upya mapambano ya uwanjani, kisha 2022 na 2023 wakaongeza njia 48. Imeuzwa zaidi ya milioni 60, hakuna gemu ya Switch iliyouzwa kuliko hiyo. Ukiandika orodha ya Switch bila Mario Kart 8 Deluxe, umeandika orodha ya Switch gani? Na ukiiacha kwenye Wii U tu, umeizika na konsoli yake.

#30 Mwalimu_Ndosho
Na Zelda: Breath of the Wild? Wii U na Switch, siku moja, 3 Machi 2017. Ilianza kutengenezwa kwa Wii U. Mapacha. Nani mkubwa?

#31 Mtoto wa Katuba
Mapacha, wa kwanza kutoka njo Kyungu, wa pili Kabwe, na bote iko ba mama mumoja. Muandike bote kwa mabao yote mbili.

#32 KibandaKatindo
Nimerudi. Jambo nililojaribu ni hili.

Nimeazima PS3 ya rafiki yangu wa Himbi, pamoja na diski ya The Last of Us. Nikaweka tele mbili sambamba, PS3 kushoto, PS4 kulia, nikaanzisha zote mahali pamoja, pale mwanzo kabisa, Sarah, binti wa Joel, anapotembea ndani ya nyumba usiku. Nikamwita kijana wa miaka 14 anayekuja baada ya shule, hajawahi kucheza yoyote kati ya hizo mbili. Sikumwambia ipi ni ipi.

Dakika ishirini za kwanza hakuona tofauti ya kumfanya aseme. Alikuwa anamwangalia Sarah. Alipofika pale gari linapopinduka na Joel anakimbia amembeba mtoto, alikuwa upande wa PS3, na aliweka maneti chini akanyamaza. Watu wanne waliokuwa wanasubiri zamu nao wakanyamaza. Grupu (jenereta) la jirani ndilo lililokuwa linasikika peke yake.

Tofauti ilikuja baadaye, kwenye bastola. Kwenye PS3 unalenga kwa kitufe cha L1 na kupiga kwa R1. Kwenye PS4 wameipeleka L2 na R2. Upande wa PS3 alikosa risasi tatu, akahamia kulia, akapata ya kwanza. Akasema: "Huku mkono unasikia." Nikamuuliza ipi nzuri. Akaonyesha ya kulia. Nikamuuliza ipi alitaka kuendelea nayo nyumbani kama angepewa. Akaonyesha ya kushoto, kwa sababu huko ndiko alikoanzia.

Nimekaa na hilo jibu tangu saa kumi.

#33 Fundi_Leza
Hiyo ya L1 ina sababu. Vitufe vya nyuma vya maneti ya PS3 vimebinuka nje, kidole kinateleza. Vya PS4 vimepinda ndani, kidole kinakaa. Kwa hiyo gemu imebadilika kwa sababu maneti imebadilika. Ndiyo maana nasema ipimwe ikiwa mikononi, kwenye mashine husika.

#34 Tatu_Bila
Mimi nasikia kingine. Kilichowanyamazisha watu wanne kilikuwa upande wa PS3.

#35 Yaya Nyota
Kingewanyamazisha upande wowote.

#36 Tatu_Bila
Ndiyo, kwa sababu kiliandikwa 2013. Ndicho ninachosema.

#37 Nguba88
Mbona usiweke herufi R ndogo pembeni ya zile saba? Anayeingia anaona gemu bora, na anajua imetoka wapi.

#38 Kivu_Usiku
R hiyo baada ya wiki mbili itakuwa doa. Watoto watasema "hizo za R si za kweli." Bora uandike mwaka wa kwanza na mwaka wa PS4, kama 2013/2014. Mwaka haumtukani mtu.

#39 Mwalimu_Ndosho
Mwaka naukubali. Ila kwa Crash utaandika mwaka gani wa kwanza, 1996, 1997 au 1998? Gemu tatu ndani ya diski moja. Na wale wakongwe wa PS1 watakuambia kuruka si kulekule: ukitua ukingoni mwa jukwaa unateleza, zamani ulikuwa unasimama.

#40 Mtoto wa Katuba
Ah Mwalimu, ile daraja ya kamba mu Crash ya kwanza! Mi nilikufa pale mpaka mama akazima tele.

#41 Fundi_Leza
Ile ya daraja hata zamani ilikuwa inaua. Tembea juu ya kamba ya pembeni, inakubali.

#42 Mtoto wa Katuba
Juu ya kamba?! Miaka yote hii!

#43 KibandaKatindo
Nimeanza kuandika kwa rangi. Namba 1 ni Bloodborne, hapo hakuna aliyenipinga hata hapa kibandani. God of War ya 2018 iko namba 2. Nafasi ya 3 nimeiruka, nimeandika kuanzia ya 4 kwenda chini, zile ambazo hazina ugomvi. Rangi imekauka hadi ya 11. Miaka nitaiandika kwa rangi ya bluu, kama Kivu_Usiku alivyosema, ila Shadow of the Colossus ina miaka mitatu na tripleksi yangu ni nyembamba.

#44 Nguba88
Andika kwa penseli kwanza. 2005, chini yake 2011, chini yake 2018. Ikikataa, punguza jina, andika Shadow tu. Atakayeijua ataijua.

#45 Tatu_Bila
Nafasi ya 3 usiijaze kabla ya Jumamosi. Naja na mteja wako yule, nataka nimsikie mwenyewe.